Alifeli mtihani mara tatu, akaandika kitabu kikubwa cha dawa: Maisha ya Li Shizhen

Siku hizi huwezi kuperuzi simu dakika tano bila kukutana na mtu anayeuza chai ya Kichina. Miguu inafura ukitoka kazini? Kuna chai. Uso umevimba asubuhi? Kuna chai. Tumbo limejaa maji? Kuna chai, na ukichukua pakiti mbili unaongezewa ya tatu. Kwenye pakiti kuna picha ya jani, maandishi usiyoweza kuyasoma, na neno moja tu unaloelewa: asili.

Sasa kabla hujachemsha maji, hebu nikujulishe kwa mzee mmoja. Alikufa mwaka wa 1593, mwaka uleule Wareno walipoanza kujenga Fort Jesus pale Mombasa. Anaitwa Li Shizhen. Mimea mingi inayotiwa kwenye chai hizo aliiandika yeye, mmoja mmoja, kwa miaka 27. Na angekuwa hai leo, swali lake la kwanza kwako halingekuwa bei. Angekuuliza: huu ni mmea gani hasa?

Tuanze mwanzo. Li alizaliwa mwaka wa 1518 huko Qizhou, mji ulio kando ya mto Yangtze, katika mkoa ambao leo unaitwa Hubei. China ilikuwa chini ya utawala wa Ming. Babu yake alikuwa daktari wa kengele, yaani mtu wa kutembea kijiji hadi kijiji akipiga kengele ili wagonjwa wajue kwamba mwenye dawa amefika. Babake, Li Yanwen, alipanda ngazi kidogo. Alikuwa daktari anayeheshimika mjini, na aliandika vijitabu kuhusu mimea.

Usidhani kuwa daktari wakati huo kulikuwa jambo la kujivunia kama leo, mzazi akaalika kijiji kizima kwa sherehe. La hasha. Daktari wa kawaida alihesabiwa karibu na fundi au mchuuzi. Heshima yote ilikuwa kwa maafisa wa serikali, na njia ya kuufikia uafisa ilikuwa moja: mtihani. Kwa hivyo Mzee Yanwen, kama wazazi wengi unaowajua wewe, alitaka mtoto wake asifanye kazi yake. Alitaka asome, apasue mtihani, avae kanzu ya serikali.

Na kijana alianza vizuri. Akiwa na miaka 14 alipita mtihani wa ngazi ya kwanza. Mtaa mzima ukajua huyu anaenda mbali. Kisha ukaja mtihani wa mkoa, uliofanyiwa Wuchang na kutolewa kila baada ya miaka mitatu. Akaenda, akafeli. Akangoja miaka mitatu, akarudi, akafeli. Akangoja tena, akarudi, akafeli mara ya tatu.

Piga hesabu hiyo polepole. Si kufeli Jumatatu ukarudia Ijumaa. Ni miaka yako yote ya ujana, kuanzia utineja hadi ishirini na kitu, ukikariri vitabu vilevile, na kila ukirudi nyumbani jirani anakuuliza matokeo. Mimi chuo sikukimaliza, kwa hivyo najua jinsi swali hilo linavyoulizwa, na jinsi watu wanavyonyamaza ukishalijibu.

Katikati ya majaribio hayo, akiwa na miaka kama 20, Li aliugua karibu kufa. Alianza na mafua ya kawaida, yakageuka kikohozi kisichoisha, joto la ndani kwa ndani, makohozi kujaa bakuli kwa siku, usingizi hakuna, chakula hakishuki. Alijitibu mwenyewe kwa mimea aliyoijua, mwezi mzima, na hali ikazidi kuharibika. Watu wakaanza kumlilia kabla ya wakati. Babake akakumbuka dawa moja ya daktari wa zamani, akachemsha mzizi wa huangqin peke yake, akampa anywe. Kufikia siku iliyofuata homa ilikuwa imeshuka. Miaka mingi baadaye Li aliiweka hadithi hiyo kwenye kitabu chake, chini ya jina la mmea huo.

Ninachotaka ukione hapo ni hiki. Mwezi mzima alikunywa mimea ya kweli, iliyo kwenye vitabu vya kweli. Haikuwa feki. Ila haikuwa ile aliyoihitaji. Kilichomwokoa ni mtu aliyejua tofauti.

Baada ya kufeli mara ya tatu alimwomba babake amfundishe udaktari. Mzee alikubali, na kijana akaanza kukaa kliniki.

Sasa tuje kwa mambo ya kufura, maana ndiyo yaliyokuleta hapa. Madaktari wa China walikuwa na jina la ugonjwa huo, shuizhong, uvimbe wa maji. Waliamini kwamba mapafu, wengu na figo ndizo zinazosukuma maji mwilini, na moja ikilegea maji yanakwama kwenye miguu, tumbo na uso. Dawa zao zilikusudiwa kuyafungulia njia, hasa kwa kukojoa. Ile maarufu zaidi ilitungwa na Zhang Zhongjing, daktari aliyeishi zaidi ya miaka 1,300 kabla ya Li. Ina vitu vitano. Kuna zexie, kiazi cha mmea unaoota majini. Kuna fuling na zhuling, aina mbili za kuvu zinazoota kwenye mizizi ya miti. Kuna mzizi wa baizhu. Na kuna vijiti vya mti wa jamii ya mdalasini. Hadi leo mchanganyiko huo unauzwa.

Vitu hivyo vyote vimo kwenye kitabu cha Li. Vimo pia vya jikoni: mbegu za yiyi, zile nyeupe ngumu kama shanga, ganda la boga la baridi, samaki wa mtoni aliyechemshwa na maharagwe madogo mekundu kwa mgonjwa aliyejaa maji. Na utashangaa, hata mahindi yamo. Wakati wa uhai wake mahindi yalikuwa yameingia China juzijuzi tu, wakulima wake wakihesabika, na Li ni mmoja wa watu wa kwanza huko kuyaweka kwenye kitabu cha dawa. Aliandika kwamba mizizi na majani yake yakichemshwa humsaidia anayekojoa kwa maumivu. Wachina wa leo huchemsha zile nywele za hindi bichi na kunywa kama chai ya kupunguza maji. Zilezile wewe unazitupa ukimenya hindi la kuchoma.

Lakini kulikuwa na shida, na shida hiyo ndiyo iliyoyageuza maisha yake. Daktari alikuwa akiandika jina la mmea kwenye karatasi, mgonjwa anaenda kwa muuza dawa, naye anachota kitu kingine kabisa. Si lazima awe mwizi. Vitabu vyenyewe vilikuwa vimechanganyikiwa. Mimea miwili tofauti iliwekwa chini ya jina moja. Mmea mmoja ukapewa majina mawili na kurasa mbili kana kwamba ni ndugu. Hata tangawizi iliwekwa kwenye kundi la majani ya porini badala ya mboga. Kila mwandishi alinakili kosa la aliyemtangulia, kwa sababu aliyemtangulia alikuwa mkubwa na ameshakufa, na mkubwa aliyekufa habishiwi.

Kwa mtu mwenye mafua, kosa kama hilo ni chai isiyofanya kazi. Kwa mtu aliyefura ni jambo jingine. Dawa za kutoa maji mwilini haziko sawa. Fuling ni pole. Lakini kuna mzizi unaoitwa gansui ambao hufukuza maji kwa nguvu, tumbo likaendesha hadi mtu akaishiwa. Li aliuweka kwenye fungu la mimea ya sumu. Zote mbili ni za kuondoa maji. Zote mbili ni asili. Ukikosea jina, humjazi mgonjwa gharama tu, unamzika.

Sifa zake zilisambaa. Kumbukumbu za zamani zinasema alimtibu mtoto wa mwanamfalme aliyekuwa na kasri lake Wuchang, akapewa kazi huko, kisha akapelekwa Beijing kwenye taasisi ya madaktari wa mfalme mkuu. Fikiria: mtu aliyefelishwa na mtihani wa mkoa, sasa anaingia mjini kwa mfalme kwa mlango mwingine.

Hakukaa. Baada ya kama mwaka mmoja aliondoka akarudi kwao. Mfalme wa wakati huo, Jiajing, alikuwa mtu wa kutafuta kuishi milele. Alimeza vidonge vilivyotengenezwa kwa zebaki na madini mengine, akizungukwa na watu wa kumwambia vinafanya kazi. Alikufa mwaka wa 1567, na wanahistoria wengi wanaamini vidonge hivyo vilimharakisha. Li aliandika wazi kabisa kwamba zebaki ni sumu na kwamba wanaoisifu kama dawa ya uhai wameua watu wengi. Wakati mfalme wako amekuwa mteja mkubwa wa dawa hiyo, kuandika hivyo si mchezo.

Mwaka wa 1552 alikuwa ameshaanza kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Alitaka kuandika upya kitabu cha dawa zote za China. Alisoma vitabu zaidi ya 800. Lakini kusoma hakukumtosha, akatoka. Alizunguka milimani na mitoni akiuliza wavuvi, wawindaji, wakata kuni, wakulima, watu wasiojua kuandika hata majina yao lakini wanaojua mmea kwa harufu yake.

Vitabu vilisema kakakuona hula siungu, akampasua mmoja akaangalia yaliyomo tumboni: wadudu hao karibu kibaba kizima. Watu walisema ua la mranaha, mmea wa sumu ambao hata huku kwetu wa jamii yake huota kando ya barabara, ukilinywa na pombe utacheka au kucheza. Akalinywa mwenyewe kwenye pombe ili ajue. Tafadhali usimwige hapo, mranaha unaua. Nakupa tu picha ya aina ya mtu aliyekuwa.

Aliandika rasimu tatu nzima. Wanawe, wajukuu na mwanafunzi wake walisaidia. Alimaliza mwaka wa 1578, akiwa na miaka 60. Kitabu kinaitwa Bencao Gangmu. Kina mafungu 52, dawa 1,892, ambazo 374 kati yake ziliongezwa na yeye, na maelekezo ya kutengeneza dawa 11,096. Na angalia jinsi kila dawa inavyoanza. Haianzi na inachoponya. Inaanza na majina: mmea huu unaitwaje huku, unaitwaje kule, nani aliuchanganya na nini, na kwa nini alikosea. Baada ya hapo ndipo unakuja mwonekano wake, jinsi ya kuutayarisha, ladha yake, na baadaye ugonjwa unaoutibu.

Ukidhani hapo ndipo alipopata umaarufu na chapaa, bado hujawajua wachapishaji. Hakuna aliyetaka kitabu kikubwa hivyo cha daktari wa mkoani. Mwaka wa 1580 alisafiri hadi kwa Wang Shizhen, msomi maarufu sana wa wakati huo, kumwomba aandike dibaji ili kitabu kipate jina. Dibaji ilitoka mwaka wa 1590. Miaka kumi kwa kurasa chache! Hatimaye mchapishaji mmoja wa Nanjing, Hu Chenglong, akakubali, kazi ya kuchonga mbao za kuchapia ikaanza.

Li alikufa mwaka wa 1593. Kitabu kilitoka 1596. Hakukiona.

Mwanawe alipeleka nakala kwa mfalme wa wakati huo. Mfalme akaipokea, ikawekwa kando, basi. Lakini madaktari waliisoma. Mwaka wa 1603 ilichapwa tena huko Jiangxi, na miaka michache baadaye ilikuwa imefika Japani. Mwaka wa 2011, UNESCO iliiweka kwenye orodha yake ya kumbukumbu za dunia. Waliopita ule mtihani wa Wuchang miaka ile, nitajie hata mmoja.

Sasa usiondoke hapa ukidhani kila alichoandika ni kweli. Hapana. Kitabu kina mambo ambayo ukiyasoma leo utacheka, hata dawa za kutengenezwa kwa nguo kuukuu. Na kuna jambo ambalo hakuweza kuliona hata angeonja mara mia.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, kliniki moja ya kupunguza unene huko Brussels, Ubelgiji, iliwapa wateja wake vidonge vyenye unga wa mimea ya Kichina. Mmoja ulipaswa kuwa fangji, mzizi ambao tangu zamani hutumiwa kwa uvimbe wa maji. Ila kuna mizizi miwili yenye jina hilo. Mmoja ni hanfangji. Mwingine ni guangfangji, wa jamii ya mimea iitwayo Aristolochia. Uliotiwa ni wa pili. Wanawake zaidi ya 100 waliharibika figo, wengi wakaishia kusafishwa damu kwa mashine au kuwekewa figo nyingine, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Madaktari walichapisha habari hiyo mwaka wa 1993. Hiyo ni miaka 400 kamili baada ya Li kufa, na kosa ni lilelile: jina moja, mimea miwili.

Baadaye ikagundulika kwamba mmea mwingine wa kukojoza, mutong, nao umekuwa ukibadilishwa na ndugu wa jamii hiyohiyo ya Aristolochia. China yenyewe iliuondoa mmea huo kwenye orodha ya dawa zake mwaka wa 2003. Na Li? Mimea ya jamii hiyo imo kwenye kitabu chake kama dawa ya kikohozi. Sumu yake haikuumi ulimi wala haikuangushi siku hiyo. Inakula figo polepole, miezi na miaka, na mtu mmoja anayetembea milimani na daftari hawezi kuiona. Ilihitaji hospitali, vipimo, na watu wengi kuhesabiwa.

Kwa hivyo turudi kwa ile pakiti. Miguu kufura si ugonjwa, ni dalili. Inaweza kuwa umesimama kutwa nzima kazini. Inaweza pia kuwa moyo umechoka kusukuma damu, figo zinavujisha protini, ini limeharibika, au damu imeganda kwenye mshipa, hasa mguu mmoja ukivimba peke yake na unauma. Kama una mimba na uso na mikono vinafura ghafla, hapo si mambo ya chai hata kidogo, ni hospitali leo hii. Chai ya kukojoza inaweza kupunguza uvimbe huku chanzo kikiendelea kukumaliza kimyakimya.

Kingine: chai nyingi za Kichina zina gancao, mzizi mtamu unaotiwa kulainisha ladha. Ukiunywa kwa wingi kwa muda mrefu, huo wenyewe hupandisha presha na kuufanya mwili uhifadhi maji. Yaani unanunua chai ya kupunguza maji, na ndani yake kuna kinachoyaongeza. Na kama tayari unameza dawa za presha au za kukojoza ulizopewa na daktari, kuongeza chai juu yake kunaweza kuvuruga chumvi za mwili hadi moyo ukapoteza mdundo.

Sisemi usinywe. Ukijichemshia nywele za mahindi mara moja moja na huna ugonjwa wowote, sina neno. Ninachokuambia ni kwamba muuzaji akikuambia ni ya asili, hajakujibu swali. Muulize majina ya mimea yote iliyomo, moja moja. Angalia kama Bodi ya Dawa na Sumu imeisajili. Mwonyeshe daktari au mfamasia pakiti hiyo. Ukiona muuzaji ameanza kukasirika kwa sababu umemuuliza majina, mrudishie pakiti yake.

Li Shizhen alitumia miaka 27 kwa swali hilohilo, bila kutumwa na mfalme na bila cheti cha mkoa. Wewe linakuchukua dakika moja. Liulize kabla hujalipa.